Ndururu Iliyomegeka: Kosa la Mtambo au Kazi ya Mkono?

Familia nyingi zilizotoka Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu na kutawanyika Maskati, Dubai, Uingereza, Kanada na Afrika ya Kusini sasa zinafungua masanduku ya wazee wao. Humo hutoka hati za nyumba, picha, vyeti vya ndoa, mikufu, na mara nyingi kopo la sarafu. Na katika kopo hilo hukosi kuikuta moja isiyofanana na wenzake: imemegeka pembeni, au tundu lake limekwenda upande, au sura yake imekuwa yai badala ya duara. Hapo huulizwa swali ambalo tumeulizwa mara nyingi: je, hili ni kosa la kiwanda kilichopiga sarafu, au ni mtu aliyeikata baadaye?

Swali hili lina uzito wa aina mbili. Mwenye mali anataka kujua thamani, kwa kuwa wako watu wanaokusanya makosa ya viwanda na kuyalipia zaidi ya sarafu nzima. Mwanahistoria anataka kujua kilichotokea, maana sarafu ni hati, na hati iliyoguswa na mkono wa pili inasema mambo mawili, la aliyeiandika kwanza na la aliyeibadilisha. Katika makala hii tunaeleza namna ya kutofautisha, kwa kufuata sarafu moja iliyoletwa mbele yetu Sandton, kaskazini ya Johannesburg. Ni ndururu, yaani senti 5 ya Afrika ya Mashariki, ya mwaka 1943.

Kosa haliwi kosa mpaka pawe na kanuni

Kwanza tuweke sawa neno lenyewe. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake, anaeleza kuwa sikka asili yake ni muhuri wa chuma unaopigiwa dinari na dirhamu. Kisha jina likahamia kwenye maandishi yanayobaki juu ya sarafu, na mwishowe likawa jina la cheo cha kuisimamia kazi hiyo. Maelezo haya yanatufaa hapa. Sarafu ni kipande cha madini kilichopigwa muhuri ili watu wasihitaji kukipima kila wanapouziana. Kosa la kiwanda ni pale ahadi ya muhuri ule inapopotoka kabla sarafu haijatoka mikononi mwa wanaoipiga. Likitokea baada ya hapo, liitwe uharibifu, pambo, matengenezo au ghushi, kwa kadiri ya nia ya aliyelifanya.

Lakini kanuni ya usawa haikuwa moja katika zama zote. Masultani wa Kilwa, kama Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, walipiga sarafu ndogo za shaba kwa mkono. Nyingi hazina mwaka, maandishi yake mara nyingi yamekatwa upande mmoja kwa sababu muhuri ulikuwa mkubwa kuliko kipande au haukuangukia katikati, na duara lake ni la kukadiria. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa hata Great Zimbabwe, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Hakuna mwenye elimu atakayeziita makosa kwa sababu hazikukaa duara. Fundi wa Kilwa hakuahidi duara. Aliahidi jina la sultani na madini yanayokubalika sokoni.

Hali ni karibu na hiyo kwa sarafu za Tabora za 1916. Wajerumani walipozingirwa katika Vita Kuu vya Kwanza na kuishiwa fedha, walipiga katika karakana ya reli sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu, na za heller 5 na 20 kwa shaba. Hilo jina heller ndilo lililobaki katika ndimi zetu kama hela. Mihuri ilichongwa huko huko, ikachakaa na kuchongwa mingine, na kazi ikafanywa kwa haraka ya vita. Mtu akikuletea heller 20 ya Tabora yenye ukingo hafifu au herufi zilizopauka, usiharakishe kusema ni kosa adimu, kwani kwa kiwanda kile ndiyo hali ya kawaida.

Ndururu yetu ni kinyume cha hizo. Ilipigwa kwa mtambo mkubwa, katika kiwanda kilichoahidi kwamba kila moja itakuwa sawa na mwenzake. Kwa hiyo kwake neno kosa lina maana.

Mambo matatu yasichanganywe

Kwa kuwa sarafu hii iko Sandton, tutoe mifano ya huko huko Transvaal, ambako historia ya sarafu inafundisha vizuri tofauti ya mambo matatu ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya.

La kwanza ni kosa la mchoro. Mwaka 1892 jamhuri ya Paul Kruger ilitaka sarafu zake, lakini kiwanda cha Pretoria kilikuwa hakijawa tayari, na za kwanza zikapigwa Berlin. Mchongaji, Otto Schultz, alilichora gari la ng'ombe lenye miti miwili ya kuvutia, ilhali gari la Makaburu lina mti mmoja. Juu ya hayo aliweka herufi za jina lake, O.S., chini ya kichwa cha Rais, na neno os kwa lugha yao ni ng'ombe dume. Wapinzani wa Kruger hawakuiacha fursa hiyo ipite karibu na uchaguzi wa 1893. Mchoro ukasahihishwa. Sarafu zile za miti miwili zina thamani leo, lakini hazikuharibika katika kupigwa, kwani kila moja ilitoka kama muhuri ulivyoagizwa.

La pili ni jambo la makusudi. Mwaka 1899 jamhuri ilikuwa haina mihuri ya mwaka huo, ikatumia ile ya 1898 na kugonga tarakimu 9 juu ya sarafu zilizokwisha kupigwa. Ya kwanza iligongwa 9 moja kubwa iliyogusa kichwa cha Rais. Zilizofuata, 130, zikagongwa 9 mbili ndogo. Asiyejua angeziona kama sarafu zilizoharibiwa. Anayejua anaona agizo la serikali lililotekelezwa kwa nyundo.

La tatu ndilo kosa la kiwanda hasa: muhuri ni sahihi, agizo ni sahihi, lakini kipande kimoja kati ya maelfu kimepita mtamboni vibaya na wakaguzi hawakukiona. Hili ndilo linalodaiwa kwa ndururu yetu.

Namna sarafu inavyomegeka mtamboni

Ili kuhukumu, lazima tujue hatua za kazi. Bamba refu la madini hupitishwa chini ya vikatio vya duara, navyo hutoa vipande vitupu. Bamba likisogea pungufu, kikatio hushuka mahali palipokwisha kukatwa nusu, na kipande kinachotoka kinakuwa na pengo la mviringo, kama mkate ulioumwa. Pengo hilo lina mkunjo ule ule wa duara la sarafu yenyewe, kwa sababu limekatwa na kikatio kimoja. Kikatio kikigusa mwisho wa bamba, pengo hutoka limenyooka.

Baada ya hapo vipande husukumwa katika mashine inayobana kingo zake ili zinyanyuke kidogo. Mashine hiyo hubana pande mbili zinazotazamana. Pale penye pengo hakuna cha kubana, basi na upande wa pili unaolikabili haubanwi sawasawa, na ukingo wake hutoka dhaifu. Wataalamu huiita dalili hii athari ya Blakesley. Ni dalili nzuri kwa sababu anayemega sarafu kwa tupa nyumbani hakumbuki kuupunguza ukingo wa upande wa pili, na hata akikumbuka ni vigumu kuufanya ufanane.

Mwisho kipande huwekwa ndani ya pete ya chuma baina ya mihuri miwili na kupigwa kwa nguvu kubwa. Madini hutiririka kidogo kama unga uliokandwa na kujaza herufi. Karibu na pengo hakuna pete ya kuyazuia, kwa hiyo yanakimbilia huko: herufi zilizo jirani hurefuka, hulalia pengo, au hupauka. Lakini sarafu iliyokatwa baada ya kupigwa ina herufi timamu mpaka pale chuma kilipopita, kama ukurasa uliochapwa kisha ukachanwa.

Kwa sarafu zetu za matundu kuna jambo la kuongeza. Tundu hutobolewa katika kipande kitupu kabla ya kupigwa. Likitobolewa upande, picha iliyo karibu nalo huvurugika kwa kufuata tundu. Tundu lisipotobolewa kabisa, sarafu hutoka nzima katikati. Makosa ya namna hizi yapo na yanajulikana. Yapo pia matundu yaliyotoboka, kuzibwa na kupanuliwa majumbani na katika karakana, na haya ni mengi zaidi.

Ndururu yenyewe

Sarafu tunayoizungumzia ina taji na jina la Mfalme George VI upande mmoja, na upande wa pili pembe za ndovu zikilizunguka tundu, maneno EAST AFRICA, mwaka 1943 na herufi SA. Msomaji ajue kuwa sarafu hizi zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa 1919 na kukaa London. Unguja iliingia katika mfumo huo tarehe 1 Januari 1936, rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50. Bodi haikuwa na kiwanda chake. Herufi ndogo zinaonyesha mahali pa kupigwa: H ni Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham, I ni Bombay, na SA ni Pretoria. Wakati wa Vita Kuu vya Pili bahari zilikuwa za hatari na viwanda vya Uingereza vilikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo Bombay na Pretoria zilichukua sehemu ya kazi hiyo. Kiwanda cha Pretoria kilikuwa tawi la kiwanda cha Kifalme tangu 1923, kikawa kiwanda cha Afrika ya Kusini yenyewe mwaka 1941. Kwa hiyo ndururu hii ilizaliwa mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka nyumba iliyomo sasa, ingawa imefika hapo kwa kupitia Unguja.

Mwenye nyumba ile alikuwa mama wa Kiunguja aliyeondoka visiwani baada ya 1964, akakaa Mombasa, kisha akaishia kwa mwanawe Sandton, ambako amefariki. Warithi wake wako Sandton, Maskati na Leicester. Baba yake alikuwa fundi baiskeli Ng'ambo, na kopo la sarafu lilitoka kwake. Mmoja wa watoto aliipeleka ndururu kwa muuzaji wa sarafu. Muuzaji akaiangalia kwa kioo, akasema ina makosa mawili ya kiwanda katika sarafu moja, pengo la pembeni na tundu lililokwenda upande, na kwamba makosa mawili pamoja ni nadra kupita kiasi. Akataja bei iliyowafanya wengine walioko mbali wawe na mashaka: walioko Maskati wakauliza kwa nini sarafu imepelekwa dukani kabla ya wao kujua, na aliyeko Sandton akaona anatuhumiwa kula mali ya marehemu mama yake. Ndipo tukaombwa kutoa maoni ambayo wote watayasoma.

Tulianza na mizani. Tulipata ndururu nyingine tatu za 1943 zenye herufi SA, zilizochakaa kiasi kile kile. Kulinganisha na sarafu ya mwaka ule na kiwanda kile ni jambo la lazima, kwani ndururu za wakati wa vita zilipigwa kwa kipande chembamba kuliko za kabla yake, na anayelinganisha na ya 1939 atapata hitilafu isiyo hitilafu. Pengo la pembeni tulilichora juu ya karatasi ya miraba na kulihesabu: limechukua karibu asilimia 7 ya uso wa sarafu. Lakini uzito ulipungua kwa karibu asilimia 10 tukilinganisha na wastani wa zile tatu. Unene ulikuwa sawa kila mahali. Kwa hiyo kulikuwa na madini yaliyopotea ambayo pengo peke yake halikuyaeleza.

Kisha tukaliangalia pengo. Mkunjo wake ulikaa sawa tulipouweka juu ya ukingo wa ndururu nzima. Upande unaolikabili, ukingo ni dhaifu, umekuwa kama mstari uliofutika, na udhaifu huo upo katika nyuso zote mbili. Herufi mbili zilizo jirani na pengo zimerefuka kuelekea pengoni na miguu yake imepauka. Rangi ya ukuta wa pengo ni ile ile ya kahawia nzito ya ukingo uliobaki, na umelainika kwa kushikwa. Hatukuona mistari ya tupa wala meno ya msumeno. Dalili hizi nne zinakwenda pamoja, na ya ukingo dhaifu peke yake ingetosha kutufanya tusadiki. Pengo ni kosa la kiwanda cha Pretoria.

Baadaye tukaja kwenye tundu, na hapa mambo yakageuka. Tundu limekwenda upande kweli, lakini picha iliyo jirani haikulifuata. Mstari unaolizunguka tundu katika sarafu nzima unaonekana kamili kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili umekatwa ghafla, bila kurefuka wala kupinda. Ndani ya ukuta wa tundu, upande uliopanuka, kuna mistari myembamba sambamba inayopita kutoka uso mmoja hadi wa pili. Hiyo ni alama ya tupa ya duara. Kulizunguka tundu, katika nyuso zote mbili, kuna pete iliyobanwa ambapo maandishi yamelazwa, na katika mipaka ya pete hiyo imebaki kutu nyekundu. Bronzi haitoi kutu nyekundu. Ikizeeka hutoa kahawia, nyeusi au kijani. Kutu nyekundu ni ya chuma. Na tulipokadiria sehemu iliyoliwa na tupa, ilikaribia asilimia 3, yaani ule upungufu wa uzito ambao pengo halikuueleza.

Hukumu yetu ikawa hii: sarafu ina kosa moja la kiwanda na kazi moja ya mkono. Tundu lilipanuliwa kwa tupa ili lipitishe bolti, na sarafu ikatumika kama washa, ikibanwa baina ya kichwa cha bolti na kitu kingine cha chuma kwa muda wa kutosha kuacha pete na kutu.

Neno la mama mdogo

Kabla ya vipimo, familia ilikuwa na masimulizi ambayo hayakupewa nafasi. Mama mdogo wao, mdogo wa marehemu, yupo Maskati na umri wake ni mkubwa. Alipoulizwa kwa simu alisema mara moja kuwa sarafu ile baba yao ndiye aliyeikata. Watoto walimwona bibi kizee anayewaharibia bahati, na muuzaji, alipoelezwa, akasema wazee husahau.

Sisi tulimwomba atueleze alichokiona, bila kumtajia tulichokipata. Akasema baba yake alikuwa na tupa nyembamba ya mviringo, na ndururu zilizokataliwa madukani alikuwa akizipanua tundu na kuzitia chini ya bolti za baiskeli pale washa zilipokosekana. Pengo la pembeni hakulitaja. Alidhani tu kuwa kila kilichopungua katika sarafu ile kilitoka kwa mkono wa baba yake.

Ushuhuda wa namna hii ndio unaompa kazi mwanahistoria. Bi mkubwa alishuhudia jambo la kweli, akalipanua hadi mahali ambapo hakulishuhudia. Anayeukataa wote kwa sababu ya sehemu moja anapoteza tupa, bolti na duka la baiskeli. Anayeukubali wote anakanusha ukingo dhaifu ambao hakuna fundi baiskeli anayeweza kuutengeneza. Katika elimu ya riwaya wazee wetu walitenganisha lile alilolisikia au kuliona msimulizi na lile alilolikisia, na kanuni hiyo inafaa kwa ndururu kama inavyofaa kwa habari kubwa zaidi.

Maneno yake yalitupa pia dhana ambayo vipimo peke yake visingeitoa. Amesema ndururu zilizokataliwa madukani. Sarafu yenye pengo ni ile ambayo muuza duka angeirudisha kwa kuhofia kuwa na yeye itakataliwa. Inawezekana basi kuwa kosa la Pretoria ndilo lililoitoa ndururu hii sokoni na kuitia kwenye baiskeli. Hili tunalisema kama dhana yenye nguvu. Hatuna la kulithibitisha zaidi ya hapo.

Bei, mirathi na amana

Soko la makosa ya sarafu lina kanuni yake. Mnunuzi analipia ajali iliyotokea kiwandani, na kila alichokifanya mtu baadaye anakihesabu kuwa ni hasara. Pengo la mviringo ndilo miongoni mwa makosa yanayopatikana kwa wingi, na ndururu ya 1943 si adimu. Kwa hiyo hata bila ya tupa bei isingekuwa kubwa, na pamoja na tupa imeshuka zaidi. Kampuni za Marekani zinazopima na kufungasha sarafu katika visanduku vya plastiki, kama NGC na PCGS, huandika wazi zinapoona uharibifu, na mnunuzi mwenye uzoefu huanza kwa kutafuta neno hilo.

Afrika ya Kusini ni nchi ambayo uvumi wa sarafu huenea kwa kasi. Sarafu za randi 5 zenye sura ya Mandela, za mwaka 2000 na za kumbukumbu ya miaka 90 yake mwaka 2008, zilivumishiwa bei za kutajirisha, na wengi waliziweka kabatini wakingoja siku ambayo haikuja. Duka linalong'ara ndani ya Sandton City halimfanyi muuzaji kuwa mwongo wala mkweli. Linalotakiwa ni kumwomba aonyeshe dalili, moja baada ya moja, na aseme nini kingemfanya abadili maoni.

Kwa warithi lilikuwapo jambo zito kuliko bei. Kwanza, mali ya marehemu ni ya wote mpaka igawiwe, hata ikiwa senti 5, na mmoja kuiuza bila ya wengine kujua kunazaa uadui hata bei ikiwa ndogo. Pili, sasa wanajua kuwa tundu lilipanuliwa. Wakiiuza kama kosa mara mbili, wameficha aibu ya bidhaa, na hiyo ndiyo maana ya ghishi katika sheria, neno ambalo Kiswahili kimelichukua na kulifanya kughushi. Aliyeikata sarafu hakughushi chochote, kwani alitaka washa. Ughushi ungefanyika leo, kwa ulimi, katika sarafu ambayo haikuguswa tena.

Tuliandika maoni ya ukurasa mmoja yenye hukumu na sababu zake, na nakala zikaenda kwa warithi wote zikiwa na maneno yale yale. Wakakubaliana kuithamini kwa kiasi kidogo kilichotajwa na wauzaji wawili waliosoma maoni hayo. Aliyeko Sandton akaichukua katika fungu lake kwa njia ya takharuj, yaani wengine wakaridhika kutoka katika haki yao kwa badala, na badala yenyewe ilikuwa mashine ya kushonea ya marehemu ambayo Leicester walikuwa wakiitaka. Kwa mama mdogo, ambaye hana fungu katika mirathi hii, walipeleka picha ya sarafu iliyokuzwa, alama za tupa zikionekana.

Mashauri kwa wenye makopo

Kwa familia zilizo na sarafu za namna hii tunashauri mambo machache. Msizisafishe. Siki, ndimu na dawa ya kung'arishia shaba huondoa rangi ya uzee, na rangi hiyo ndiyo inayoonyesha kama pengo na uso ni vya umri mmoja. Lau ndururu hii ingesuguliwa, kutu nyekundu isingekuwapo na hukumu ya tundu ingekuwa ngumu zaidi.

Pimeni kwa kulinganisha. Tafuteni sarafu mbili au tatu za mwaka ule ule na herufi ile ile ya kiwanda, kisha linganisheni uzito, unene na kipenyo. Tazameni ukingo unaolikabili pengo. Tazameni herufi za jirani kama zimelalia pengo au zimekatwa. Tazameni ukuta wa tundu kwa kioo cha kukuzia, na jiulizeni kama picha inalifuata tundu au tundu limeikata picha. Upungufu wa uzito uelezwe wote. Ukibaki wowote usio na maelezo, endeleeni kutafuta.

Ulizeni wazee kabla ya kuuliza duka, na waulizeni walichokiona, sio wanachodhani ni thamani yake. Andikeni majibu yao pamoja na majina ya vitu kama walivyoviita: ndururu, sumuni, pesa, riale. Kila jina lina historia. Sumuni ni thumuni ya Kiarabu, moja ya nane ya riale, nalo likaendelea kuitwa senti 50 hata riale ilipoondoka mikononi mwa watu. Mtafiti atakayekuja baada yetu atahitaji maneno hayo kama atakavyoihitaji sarafu.

Na ikiwa sarafu yenu itaonekana kuwa imekatwa na mtu, msiitupe. Wakusanyaji hawatailipia, lakini rejista za viwanda zinatuambia ni sarafu ngapi zilipigwa Pretoria, wala hazituambii fundi wa Ng'ambo alifanya nini alipokosa washa mwaka ambao vita vilizuia bidhaa. Hilo linajulikana kwa vitu kama hivi tu, pamoja na watu wachache waliobaki wanaoweza kuvieleza. Jarida hili litapokea picha na maelezo ya sarafu za namna hiyo kutoka kwa familia popote zilipo, kwa sharti kuwa picha ionyeshe nyuso zote mbili na ukingo, na maelezo yataje nani alisema nini. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.